Kiti Ambacho Mkwe Wangu Aliweza Kukibeba

Mwadila, ndugu zangu. Mwenyekiti amesema anayeshuhudia asimame mbele ya wenzake, kisha akanitazama akajuta. Nimewaona na wengine mmeinamisha vichwa. Msione haya. Mimi nitashuhudia nikiwa nimekaa. Ndiyo kazi ninayoifanya kila siku na nimeiweza.

Nimeombwa niseme habari za kiti, kwa sababu kuna mwenzetu humu ambaye ndugu zake wanataka kumnunulia kiti cha magurudumu, na nyumbani kwao wanabishana mpaka uji unapoa. Simtaji. Na katika haya yangu sitamtaja mtu, maana hapa Bariadi ukitupa jiwe unampiga shemeji wa mtu.

Nilianguka msimu wa pamba. Miaka ile ndiyo kwanza watu binafsi wameruhusiwa kununua pamba. Zamani tulikuwa na ushirika tu, upende usipende. Ghafla kila mnunuzi na mzani wake, na sisi wakulima tukawa kama binti mwenye wachumba wengi, tunaringa, tunaweka pamba ndani tukisubiri atakayekuja na bei nzuri zaidi. Nilikuwa juu ya mkokoteni nashindilia pamba, ng'ombe wakashtushwa na honi ya lori la mnunuzi. Nikaanguka chali. Hospitalini walinitunza vizuri, siwezi kuwalaumu, lakini walinirudisha nyumbani na maneno haya: mgongo umepona, miguu haitarudi.

Nilikuwa mjane tayari, nakaa na kijana wangu mkubwa na mke wake. Walinipenda. Walinibeba asubuhi kunitoa nje, wakanibeba jioni kunirudisha. Lakini ndugu zangu, nawaambia, kubebwa na watu wanaokupenda nako kunachosha. Unataka kwenda chooni, unaanza kumwonea huruma mkamwana wako ambaye ndiyo kwanza amekaa. Nikaanza kunywa maji kidogo ili nisiwasumbue. Wenye miguu yenu hamlijui hilo. Wenzangu wa mstari wa mbele naona wanatikisa vichwa.

Kilichoniuma kuliko yote ni binti yangu. Ninaye mmoja tu, kitinda mimba, ameolewa Nkololo. Wakati ule alikuwa na mimba ya kwanza. Na ninyi mnajua, kwetu binti akijifungua, mama yake ndiye anayemkanda kwa maji ya moto, anampikia uji, anamfundisha kumshika mtoto shingo. Mimi nilikuwa nimekanda mabinti za watu mpaka mikono imekuwa migumu. Sasa wangu angekandwa na nani?

Basi ukoo ukakaa, ukaamua mama anunuliwe kiti. Tukauza dume la ng'ombe. Na hapo ndipo kosa lilipoingia, na ni kosa letu sisi Wasukuma, tusimsingizie mtu. Kitu kilichonunuliwa kwa ng'ombe lazima kionekane kama ng'ombe. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikwenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma akamwagiza kiti cha heshima. Kikaja. Chuma kitupu, magurudumu ya baiskeli, mgongo mrefu kunizidi, mikono mipana ya mbao. Majirani walikuja kukitazama. Shemeji alikizunguka, akakipigapiga, akaniita mama kwa Kisukuma, "Mayo, hiki hata wajukuu watakirithi."

Kilikuwa kizuri kweli. Tatizo hakikupita mlango wa chumba changu.

Tukasema si neno, kitakaa sebuleni kwa kupitia mlango mkubwa wa mbele. Sebuleni kulikuwa na pamba mpaka darini, inasubiri bei. Basi kiti kikalala nje, chini ya upenu. Mvua ikakinyeshea, kuku mmoja akataga pale kwenye kikalio. Mimi nikawa bado nabebwa, ila sasa nabebwa kupelekwa kwenye kiti. Na hakuna aliyethubutu kusema lolote, kwa sababu dume la ng'ombe halirudi zizini.

Binti alipokaribia kujifungua, mume wake alitumwa aje kunichukua. Sasa wageni wetu mliotoka mbali niwaeleze kidogo. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wake wana heshima kubwa. Hanitazami usoni, hanigusi, tukikutana njiani anapisha. Tukiwa na la kuambiana tunapitisha kwa mtu wa tatu. Na kiti ninachokalia, au kitanda changu, hakigusi pia. Si chuki hiyo. Ni kwamba amemchukua binti yangu, na hiyo ndiyo njia yake ya kuniambia kila siku kwamba hajasahau.

Siku ile kijana wangu na shemeji walikuwa kwenye mzani, pamba yetu imepata mnunuzi. Mke wa kijana wangu na majirani wakanisukuma hadi barabarani. Pikapu ya kwenda Nkololo ikaja, imejaa watu na magunia. Wanawake wakaninyanyua, wakaniketisha vizuri. Utingo akakitazama kile kiti akakuna kichwa. Hakukuwa na nafasi chini. Akasema, "Kitapanda juu ya magunia, lakini lazima mtu akae nacho akishikilie, barabara ni mbaya." Akamgeukia mkwe wangu, kijana wa watu mwenye nguvu zake. "Wewe jamaa, panda ukishike."

Mkwe wangu akarudi nyuma. Utingo hakuwa mtu wa huku, akacheka. "Kiti kinauma?" Kijana akainamisha kichwa. Abiria wenyeji walielewa. Hakuna mwingine aliyejitolea, kila mtu na mzigo wake. Dereva akapiga honi. Niliona jinsi yule kijana anavyoteseka, na bila kiti ningekuwa mzigo juu ya mzazi, nikasema nishusheni. Wakanishusha. Pikapu ikaondoka, naye akapanda baiskeli yake akarudi kwa mkewe peke yake.

Binti yangu alijifungua salama, mtoto wa kiume. Alikandwa na jirani. Watu walinipongeza, nami nikashukuru, kisha nikageukia ukutani nikalia. Nilijiona si mama tena, ni chombo cha nyumbani. Nikakataa kutoka nje. Msimu mzima nikakataa. Mtoto alipoletwa nimwone, nilimpakata nikasema ni mzuri, lakini moyoni nilikuwa kama mgeni aliyefika sherehe imekwisha. Ninasema haya kwa sababu najua humu wamo walioko hapo hapo leo.

Sasa sikilizeni. Mimba ya pili ilipoingia, mkwe wangu alimtuma mtu kwa kijana wangu na ujumbe: pale mjini kuna mwenye duka la mitumba, ameleta kutoka Mwanza viti vya magurudumu, mama apelekwe akachague mwenyewe. Mwenyewe! Nilikuwa nimekatwa kauli muda mrefu, neno hilo likanitoa kitandani.

Tukaenda na mkokoteni, mimi, kijana wangu, na shemeji ambaye alisema hawezi kuachia mambo ya ukoo mikononi mwa watoto. Mkwe wangu tukamkuta dukani amesimama pembeni, ametupa mgongo kama desturi inavyotaka, mkononi ana kamba yenye mafundo.

Viti vilikuwa viwili. Kimoja kikubwa, kinang'aa, hakikunjiki. Shemeji alikwenda moja kwa moja hapo, kama nzi kwenye maziwa. Cha pili kilikuwa kidogo, kitambaa cha bluu kimepauka, kimekunjwa na kuegemezwa ukutani kama mwavuli.

"Hicho kinakunjika," shemeji akasema. "Kitu cha kukunjika ni cha mtu anayehama hama. Watu watasema tumemwazimia."

Mkwe wangu akakohoa, akamwambia mwenye duka, "Mzee, naomba umwambie mama kwamba nimepima mlango wa chumba chake kupitia kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Nimepima na nafasi nyuma ya kiti cha dereva, na keria ya baiskeli yangu. Mafundo yote yako hapa."

Mwenye duka, mtu wa Tanga huyo, akanigeukia kwa adabu. "Mama, mkweo anasema..."

"Nimesikia," nikasema. "Mwambie apime."

"Lakini yupo hapa hapa, mama."

"Mwambie hivyo hivyo."

Masikini yule mzee akakubali kuwa mkalimani wa watu wawili wanaoongea lugha moja. Kamba ikapimwa. Kiti kikubwa kikashindwa mlango, kikashindwa gari. Kile cha bluu kikiwa wazi kikapita mlangoni na nafasi ya vidole kubaki. Mwenye duka akashika kitambaa katikati akavuta juu, kiti kikajifunga. Akakinyanyua kwa mkono mmoja. Kikiwa kimejifunga kingeweza kulala chini ya kitanda changu.

Shemeji hakukata tamaa. "Sawa, lakini safarini nani atakibeba? Huyu alishindwa siku ile."

Nilitamani kumziba mdomo. Ndipo mkwe wangu akasema, bado ametupa mgongo, "Mzee, waambie wakubwa. Mama akikikalia, ni kiti chake, sikigusi. Akishuka, mwingine akakikunja, akakifunga kamba, hapo hakikaliki tena. Ni mzigo kama kuni. Na mzigo wa mama mkwe, kuubeba ni kazi ya mkwe. Siku ile nilishindwa kwa sababu kile cha chuma hakikomi kuwa kiti."

Mwenye duka alifungua mdomo atafsiri, nikamwambia aache. Nilikuwa nalia mbele za watu. Kumbe huyu kijana tangu siku ya pikapu alikuwa hajalala vizuri, anatafuta njia ya kunifikisha kwa mke wake bila kuvunja heshima yangu. Nikasema, "Nipeni cha bluu."

Ninyi mnaokwenda kununua, hapo nawaomba mtulize masikio. Msitazame uzuri. Nilikaa ndani yake pale dukani, nikasukumwa, nikavuta breki, nikaegemea huku na huku nione kama kinayumba. Niliridhika kwamba magurudumu yake si ya upepo bali ya mpira mgumu, maana miiba ya huku kwetu mnaijua. Kikunjeni na kukikunjua mara nyingi, mkisikie. Na aliyekaliwa na shida akalie yeye, si shemeji yake. Sisemi hakina kasoro. Kitambaa kililegea baadaye tukashona turubai, na nati zake zinapenda kutembea, kaza kila mara. Lakini kiti kinachokwenda unakokwenda wewe kinazidi kiti kinachobaki nyumbani kikisifiwa.

Nilikwenda Nkololo kabla ya siku za binti kutimia. Wanawake walininyanyua kwenye pikapu, utingo akakunja kiti na kukifunga kamba, mkwe wangu akakikumbatia njia nzima kama mtu aliyebeba mayai. Na kwa kuwa mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, nilikuta amenijengea kajumba kangu uani, kapya, hakana hata kizingiti.

Uchungu ulianza alasiri. Wakaita gari la jirani kwenda zahanati, na kama ilivyo kawaida, watu wakasema bibi abaki na mtoto mkubwa. Binti yangu ameshika mlango wa gari, anahema, akasema, "Bila mama siendi." Zamani maneno hayo yangekuwa mzigo kwa kila mtu. Siku ile nilinyanyuliwa, kiti kikakunjwa, kikasukumwa nyuma ya dereva, tukaondoka. Nilimshika mkono mpaka mtoto wa kike akalia. Kesho yake nilikuwa kwenye kiti changu mbele ya beseni la maji ya moto, namkanda mwanangu. Alipiga kelele kwamba maji ni ya moto, nami nikamkaripia kama mama yeyote. Nilikuwa sijafurahi hivyo tangu nianguke.

Yule mtoto walimpa jina langu. Amekua na yeye ni mama.

Nawashukuru kijana wangu na mke wake walionibeba bila kunung'unika. Namshukuru shemeji, Mungu amrehemu, alinipenda kwa uzito wa chuma na ndivyo alivyojua kupenda. Namshukuru yule mzee wa duka. Na ninyi mnaomtunza mtu, msimuulize Mungu tu anahitaji nini, muulizeni mwenyewe.

Amebaki mmoja. Amenileta leo, na hawezi kukaa humu ndani nikiwa nasema, kwa hiyo yuko nje, nyuma ya ukuta huu wa dirisha, mvi zimemjaa, ananisikia. Miaka yote hii sijamshukuru kwa mdomo wangu, na kwa desturi yetu sitamshukuru. Basi mtakapotoka, mmoja wenu amfuate amwambie mama mkwe wake amesema wabeja. Amwambie nilizaa binti mmoja, lakini nikipata safari namhesabu na yeye mtoto wa tumbo lile lile.