Gogo Lililofagiwa Kabla ya Mkaguzi

Asifiwe Bwana aliyenivusha mto asubuhi ile nisijue ninakokwenda. Nilitoka nyumbani Kisangani na shati moja, nikapanda mtumbwi wa kwanza niliouona, nimejaa hasira.

Ndugu zangu, hasira ile ilianza hivi. Mimi niliacha shule mapema, nikazurura miji mingi. Papa, baba yangu, alipofariki aliniachia nyumba na karatasi za bima. Nilizisoma zote, hata maandishi madogo: hasara ya upepo inalipwa, ya vita hailipwi. Katika miaka ile ya vita, upepo uliangusha mti juu ya paa letu. Mvua ikawa inamnyeshea kitandani shangazi yangu, niliyekaa naye. Nikaandika barua, nikaomba mkaguzi.

Sikumwonya shangazi asiguse kitu. Kwetu mgeni hapokelewi penye uchafu. Alifagia uwanja, akachoma matawi, gogo akampa fundi wa mitumbwi aliyekuwa akipita, mtu asiyemjua.

"Bon, haya, mti iko wapi?" mkaguzi aliuliza. "Naona tundu tu. Siku hizi tundu ya paa ni bomu."

"Papa, tungekupokea na takataka?" shangazi alimjibu mgeni kwa heshima.

Mkaguzi akaandika: vita. Nami nikamfokea shangazi aliyenilea. Kesho yake ndipo nikaondoka.

Ng'ambo, Lubunga, nilizunguka hadi jioni nikiomba pa kulala. Fundi mmoja mzee akanionyesha banda lake. "Petit, kijana, utalala na magogo. Yenyewe haikoromi."

Kwa udadisi wangu nikaanza kuyakagua, moja baada ya jingine. Kwenye panda ya gogo moja kilikuwa kimebanwa kipande cha bati la kijani, na msumari wenye kifuniko cha chupa chini ya kichwa chake. Papa alitia vifuniko vya chupa kwenye kila msumari wa paa letu, maji yasipenye. Nikapiga magoti.

"Petit, unaabudu mti yangu?" fundi aliuliza.

Nilipomweleza, akaweka shoka chini. Hakuligusa gogo mpaka mkaguzi alipovuka, akalinganisha msumari na mingine iliyobaki kwenye paa letu, akafuta "vita", akaandika "upepo". Lakini kabla ya kumwita mkaguzi nilikwenda kumwomba shangazi msamaha. Leo analala pakavu.

Namshukuru Mungu. Nawe uliyetoka kwako kwa hasira, mtumaini Yeye. Mimi nilitafuta malazi tu, akanilaza kando ya ushahidi wangu.