Mbawakawa Anayekunywa Ukungu

Benchi letu limeegemea kibanda cha Gundi, fundi viatu, na asubuhi hiyo mada ilikuwa ya jangwani. Masafa, dereva wa lori, alikuwa amerudi safari alfajiri. Begi miguuni, kwake ni hapo nyuma ya bucha, lakini mtu amekaa anatusimulia mdudu. Sote tulijua kwamba safari nzima hakumpigia mkewe simu. Tukanywa kahawa, tukamwacha aseme.

Akasema huko kuna mbawakawa mweusi ambaye mvua haijui. Ukungu ukija, anapanda kilima cha mchanga, anainamisha kichwa, anainua makalio. Ukungu unamgandia mgongoni, unakuwa matone, yanateremka hadi mdomoni.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema Wembe, kinyozi wetu.

— Cha huyu kiko hewani, bwana, nikamwambia. Mithali zako kama nywele unazonyoa, zinaangukia popote.

Wembe hakujali. Akadai mdudu hanywi chochote, lile ni jasho lake mwenyewe linamrudia. Gundi, aliposikia kwamba mbawa za juu zimeshikana, kwa hiyo mdudu haruki, akasema humo ndimo lilimo tangi, na akimpata mmoja atafungua kampuni ya maji. Masafa akachoka nao. Akashika ukingo wa benchi, akainama, akanyanyua makalio hewani ili tuone.

Ndipo tukageuka. Mkewe alikuwa amesimama na kikapu cha sokoni, anamtazama alivyo.

— Habari zenu, shemeji zangu.

Tukaitikia nzuri. Akauliza mwenzetu amepatwa na nini, na Gundi akamweleza mdudu mzima, pamoja na tangi.

— Na ukungu usipokuja? akamuuliza mumewe.

— Anashuka, mama watoto, Masafa akajibu, kichwa bado kiko chini. Kesho anapanda tena kungoja.

— Maskini. Mimi nimeamka na simu mkononi kila siku, nikisema leo italia. Wewe huko unamhurumia mdudu. Hebu niambie, baba watoto, kwa nini hukupiga?

Wembe akainamia kikombe chake. Gundi akaokota kiatu ambacho hakikuwa na tatizo lolote. Masafa akainuka polepole, macho mekundu.

— Sina jibu.

— Basi twende ukalitafutie nyumbani.

Masafa akabeba begi, akampokea na kikapu, akamfuata.