Mkono wa Kushoto wa Kivuli

Kijiwe cha nje ya duka la kinyozi kina benchi moja, birika moja la kahawa na imani moja: vitabu vya katuni vya shujaa Radi. Toleo jipya likitoka, Kinyozi ndiye hulisoma kwa sauti, na ole wake atakayechungulia kurasa za mbele. Jumamosi moja alifika katikati, akarudia mstari mmoja mara mbili. Kumbe Kivuli, adui aliyetwangwa na Radi pale darajani zamani, ni kaka yake Radi, tumbo moja.

Fundi Viatu, mwenye meza yake hapohapo pembeni, aliacha sindano ndani ya soli ya mteja, mama mmoja mgeni aliyekuwa akisubiri na mguu mmoja peku.

Waya, fundi umeme, akadakia wa kwanza.

— Basi pale darajani hakushindwa. Alijiachia apigwe.

— Acha zako, Waya, alisema Kinyozi. Mtu ajiachie mpaka ang'oke meno?

— Kwa mdogo wako? Unang'oka yote.

Kinyozi hakukubali kabisa. Ukurasa wa pambano lile uko ukutani kwake ndani ya fremu, akaingia kuuleta awaumbue. Kuutoa tu, akakumbuka kwamba fremu ilikuwa ndogo, kwa hiyo siku ile aliukunja upande mmoja kwa nyuma. Wakaukunjua. Mkono wa kushoto wa Kivuli ulikuwa umeizuia isianguke nguzo ya daraja iliyokatika, daraja lilelile aliposimama Radi. Alipigana kwa mkono mmoja.

— Mungu wangu, alisema Kinyozi taratibu. Na sisi tumemzomea huyu miaka yote.

Hapo Waya akapanda jazba na hakushuka tena. Alidai Kivuli hajawahi kushindwa hata mara moja. Kwamba hata jela alijipeleka. Kwamba ile mvua ya darajani haikuwa mvua, yalikuwa machozi ya kaka mtu. Siku nyingine wangemcheka mpaka kahawa iwapalie. Leo waliitikia kwa vichwa tu.

Fundi Viatu hakuwasikia vizuri. Asubuhi shemeji yake alipiga simu kusema kaka yake yuko hoi kitandani na anamuulizia, naye akajibu ataangalia. Ana kinyongo na kaka huyo, aliyemfunza kazi kisha akamfukuza karakana mbele za watu na kumtupia mkoba wa vifaa barabarani. Kisa hicho amekisimulia benchini mara nyingi, na kila mara wamemlaani kaka mtu pamoja. Mwezi haukuisha karakana ikabomolewa, naye akacheka. Leo ndiyo kwanza akajiuliza ule mkoba ulikuwa na nini. Ulikuwa na vyote. Nyundo, kalibu za viatu, sindano nzuri zote za kaka, ambaye tangu siku ile hajashona kiatu tena. Huenda alijua karakana itabomolewa, akamtoa na riziki yake. Akaichomoa sindano kwenye soli, akaiweka chini.

Yule mama akauliza, kwa upole wa mtu asiyeijua hadithi:

— Sasa huyo mdogo, baada ya kujua, alikwenda kumwona kaka yake?

Kinyozi akafunua ukurasa wa mwisho, akaufunika. Haikuandikwa humo.

— Bado, mama, alisema Fundi Viatu, akivaa shati lake. Kiatu chako, niwie radhi, utakifuata kesho.