Picha ya Ishirini na Sita

Ukitaka kutuona, fuata mfereji mpaka kwenye daraja la mawe, penye yale malango mawili ya mbao yanayofungwa na kufunguliwa ili mashua zipande na kushuka na maji. Kando ya daraja pana benchi refu, na mwisho wa benchi nipo mimi na birika langu la kahawa. Wenye benchi ni watatu: Soli, fundi viatu, Wembe, kinyozi, na Stempu, aliyesambaza barua mpaka akastaafu na bado anajua habari za kila nyumba. Wa nne ndiye fahari yetu, Mzee Lango, aliyefungua na kufunga malango haya maisha yake yote ya kazi. Mfereji hukaushwa mara moja kwa mwaka kuondoa tope, na siku hiyo mzee hushuka chini na kamera, akasimama juu ya jiwe alilolitia alama ya rangi, akapiga picha moja ya mguu wa daraja. Ana picha za kila lango, kila daraja na kila ukuta wa kuzuia maji kuanzia juu hadi chini ya mfereji, lakini huu mguu ndio kipenzi chake. Leo ndiyo siku ya kukausha, na leo kuna jambo. Daraja limebandikwa karatasi: mguu una ufa, na ukionekana ni mpya, daraja litavunjwa na benchi letu litakwenda nalo. Mhandisi wa ofisi ya maji, binti wa rika la watoto wetu, amesema akipata ushahidi kwamba ufa ni wa zamani na haujasogea, daraja litabaki. Mzee Lango akasema, "Picha ninazo." Amekwenda nyumbani kuzileta.

SOLI: Nawaambieni, leo daraja linaokolewa na kijiwe. Si ofisi. Kijiwe!

WEMBE: Kijiwe au mzee?

SOLI: Mzee ni wa nani? Kidole kimoja hakivunji chawa, bwana.

STEMPU: Chawa hapa ni nani?

SOLI: Daraja.

STEMPU: Daraja si tunataka lisivunjwe?

SOLI: Ndiyo hivyo! Kidole kimoja hakitoshi kutolivunja.

Nikamwongeza kahawa, maana mtu akifika hapo koo lake limekauka.

WEMBE: Huo ufa mimi najua ulikotoka. Jiwe likipata jua linatanuka, likipoa linasinyaa. Maana yake nini? Daraja linapumua. Ule si ufa, ni pua.

STEMPU: Pua mguuni?

WEMBE: Kila kiumbe na alivyojaliwa.

SOLI: Acha uongo, we. Ni lile lori lililobeba kengele ya shule. Dereva aliliegesha pale juu, akashuka akanywa vikombe vitano hapa hapa.

— Vitatu, nikasema. Mimi ndiye niliyemmiminia.

SOLI: Vitano! Kwenye cha tano kengele ikalia yenyewe, daraja likashtuka. Hata wewe ungepasuka.

STEMPU: Mnabahatisha tu. Mimi nimempelekea barua mjukuu wa mwashi aliyelijenga. Ufa uliachwa makusudi. Mwashi alificha humo ramani, ili daraja likianguka wajue namna ya kulijenga tena.

WEMBE: Likianguka, ramani si itafukiwa na mawe?

STEMPU: Mficha uchi hazai.

Hakuna aliyeelewa, ila ilisikika kama hoja, tukatikisa vichwa kwa heshima.

— Lakini hatukuuziba miaka yote hii kwa nini? nikauliza.

SOLI: Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta si huu umeshajengwa? Uzibe wa nini tena?

WEMBE: Muhimu ni kwamba binti mhandisi akizifungua picha, wa kwanza kumwona ni mimi. Nimo kwenye tisa.

SOLI: Mimi kumi. Na viatu nimeving'arisha zote kumi.

STEMPU: Mimi sita, nikiwa na sare.

WEMBE: Jumla ishirini na tano. Ingekuwa ishirini na sita, ila mwaka ule alipofiwa na mkewe hakupiga.

SOLI: Hakupiga, masikini. Nani angepiga?

Msomaji nikueleze. Mzee alitaka kila mwaka mtu mmoja asimame ukutani awe kipimo, kwa sababu urefu wa mtu unajulikana na wa jiwe haujulikani. Aliwaambia wasimame popote. Nao wakawa wanagombea pahali pamoja tu, kwenye jiwe lililochomoza ambapo mguu hauzami topeni. Mwaka mmoja Soli na Wembe walinuniana mwezi mzima kwa ajili ya jiwe hilo.

Mara mzee akatokea, taratibu na mkongojo wake, bati la biskuti kwapani. Binti mhandisi alikuwa nyuma yake, buti zimejaa matope hadi magotini.

— Shikamooni, akasema.

— Marahaba, mwanangu, tukajibu wote kwa sauti ya watu wenye ushahidi.

Nikaondoa vikombe. Mzee akazipanga picha benchini moja moja, mwaka baada ya mwaka, na nakwambia nilijisikia mrefu kama mlingoti. Tulikuwa pale wote. Ujana wetu ulikuwa pale, mkavu kabisa, juu ya benchi.

BINTI: Huyu ni nani?

SOLI: Ni mimi. Enzi za nywele.

BINTI: Na huyu aliyekunja mikono?

WEMBE: Mtumishi wako.

BINTI: Na huyu anayepiga saluti?

STEMPU: Nilikuwa kazini, mwanangu.

Alicheka, akasogea kwenye ya nne, ya tano, ya tisa. Ilipofika ya kumi na mbili hakucheka tena.

BINTI: Baba, ufa uko nyuma ya mgongo wako.

SOLI: Wapi?

BINTI: Hapa. Na hapa uko nyuma ya huyu. Na hapa nyuma ya saluti.

Tukainama wote. Ilikuwa kweli tupu. Ushahidi wa daraja letu ulikuwa migongo ishirini na tano, na mbele ya kila mgongo tabasamu.

MZEE LANGO: Niliwaambia simameni popote.

SOLI: Pale palikuwa pakavu, mzee.

BINTI: Wazee wangu, hii migongo siwezi kuipeleka ofisini.

Nikatazama ile karatasi juu ya daraja, nikaona haya. Wembe alikuwa anakuna kichwa chake mwenyewe, jambo ambalo kinyozi hafanyi mbele za watu. Ndipo mzee akarudisha mkono ndani ya bati na kutoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe, akakifungua polepole.

MZEE LANGO: Kuna hii.

Ilikuwa picha ya mguu wa daraja peke yake. Hapakuwa na mtu. Ufa ulionekana wote, kutoka jiwe la tatu mpaka la saba, na kando yake fimbo imeegemezwa ukutani.

BINTI: Ya lini hii, babu?

MZEE LANGO: Miaka kumi na sita iliyopita.

BINTI: Na hiyo fimbo?

MZEE LANGO: Mkongojo wa mama yenu. Futi tatu kasoro inchi moja. Nilimkatia mwenyewe, ndio huu hapa.

Binti akaitia picha mfukoni. Aliuchukua mkongojo kwa mikono miwili, akashuka nao chini ya mfereji. Sisi tulisimama ukingoni tukimtazama. Akapima, akaitazama picha, akapima tena, akapanda.

BINTI: Kwenye picha, ufa ni mkongojo mmoja na kiganja. Leo ni mkongojo mmoja na kiganja. Haujasogea hata unywele. Daraja linabaki.

Akapanda darajani akaibandua ile karatasi kwa mkono wake. Kelele tulizopiga ziliwafukuza ndege kwenye malango. Stempu alipiga saluti. Soli akawa anawaita wapita njia, "Piteni, piteni, mnaogopa nini? Ni letu!" Na mimi, ambaye sitoi kahawa ya bure, niliitoa. Mzee alikuwa amesimama wima kabisa, bila mkongojo, na sijawahi kumwona mtu akilitazama jiwe kwa fahari kama ile.

Binti akarudi, akamrudishia mzee mkongojo, akaiinua tena ile picha.

BINTI: Bahati yetu mwaka huo hapakusimama mtu. Kwani nyinyi mlikuwa wapi?

Aliuliza huku anatabasamu, kama mtu anayeshukuru. Soli akatazama viatu vyake. Wembe akaomba kahawa na kikombe chake kilikuwa kimejaa.

Nikwambie wewe, maana yeye sikuweza kumwambia. Mama, mke wa mzee, alizikwa Jumanne. Siku ya kukausha ilikuwa Alhamisi, kuna manyunyu. Tukasema mzee ana msiba, mwaka huu hapigi, wala hakuna aliyekwenda kumwuliza. Tukahamia kinyozini kwa Wembe, tukakaa kutwa nzima tukimsifu mzee. Kumbe yeye alishuka peke yake, akatafuta kipimo, hakumpata mtu. Na hajatuambia mpaka leo.

Mzee akafunga bati, akavaa kamba ya kamera shingoni.

MZEE LANGO: Jua linahama. Na picha ya mwaka huu bado.

Watatu wakasimama kwa pamoja. Mmoja akachukua bati, mwingine akamshika mkono kwenye ngazi, na Soli akatangulia topeni na viatu vyake vilivyong'aa. Nikatua birika, nikafuata. Mzee akauegemeza mkongojo ukutani, palepale kando ya ufa, akarudi kwenye jiwe lenye alama.

WEMBE: Tusimame wapi, mzee?

MZEE LANGO: Pembeni.

Tukasimama pembeni, tope hadi vifundoni, na hakuna aliyegombea jiwe.