Bi Apolonia na Kichupa Kisichogeuka Rangi

Tarehe 30 Juni 1997 Bi Apolonia Gaspar anavua koti jeupe, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya hapa Temeke. Koti lenyewe lilikuwa jeupe alipoajiriwa. Siku hizi tunaliita hivyo kwa heshima.

Kazi yake mie niliyeishia darasa la sita nilieleweshwa hivi. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando wenye mafuta, na mafuta hayo huchacha kama ya nazi yaliyosahaulika kabatini. Bi Apolonia alichukua mafuta ya ubongo wa ng'ombe, akayagawa kwenye vichupa. Kimoja alikitia homoni ya kike, kingine serotonini, kemikali ambayo kwayo ubongo hupeleka habari zake. Cha tatu hakukitia kitu. Mwishoni aliongeza dawa: yaliyochacha yaligeuka rangi ya waridi, yaliyolindwa yalibaki meupe. Majirani zake wa Tandika, kwa kuona ubongo ule aliokuwa akiubeba, waliamini anafungua hoteli ya supu.

Mwaka 1993 wakaja wakubwa wa kupunguza wafanyakazi. Maabara isiyo na matokeo ilikuwa inafungwa, na sie kumi na wanne tungeenda kukaanga vitumbua. Siku hiyo vichupa vyote vilitoka vyeupe pe. Mkuu wetu, Bwana Gibson, akaanza kutabasamu. Bi Apolonia akawaambia wageni kwamba hata kile kisichotiwa kitu hakijachacha, kwa hiyo jaribio halina maana. Akaomba siku tatu. Bwana Gibson nusura azimie.

Mkosaji alikuwa mwosha vyombo, ndiye anayeandika haya. Ili ving'ae mbele ya wageni, nilivisugua vichupa kwa limau na sikuvisuuza vizuri. Kumbe limau hushika chembe za chuma, na bila chuma mafuta hayana haraka ya kuchacha. Nikamwambia ukweli, nikangoja kufukuzwa. Akasema tu, "Mzee Mashaka, njoo tuvioshe upya. Na hilo limau lako katie kwenye supu." Daftarini akaandika kwamba kosa la usafi ni lake, msimamizi.

Siku ya tatu kichupa kisichotiwa kitu kikageuka waridi. Cha homoni kikabaki cheupe, cha serotonini kikawa na waridi hafifu tu. Wageni wakatazama, wakasaini, na hakuna aliyepunguzwa.

Bi Apolonia, asante. Binti yangu Raudha amemaliza kidato cha nne kwa mshahara ambao ningeukosa. Kapumzike Tegeta kwa afya na furaha, na siku zako zote ziwe njema.