Furushi la Uvunguni

Basi la Ulyankulu lilipotoka Tabora, Advera, muuza asali asiyekubali mazungumzo yampite, alikwishatega sikio kwenye kiti cha mbele yake. Binti wa sekondari alikuwa akimsimulia bibi jirani yake, aliyejitambulisha kuwa Nijimbere, riwaya ya upelelezi ambayo darasa lao litaifanyia mtihani Jumatatu. "Mwizi ni yule mzee, bibi. Ana furushi uvunguni, limefungwa tayari kwa safari. Mwalimu kasema ni ishara ya hatia."

"Hatia?" Bibi akacheka bila furaha. "Basi sisi tuliokimbia Burundi mwaka sabini na mbili ni wezi wote. Kila nyumba ya wakimbizi huko Ulyankulu ilikuwa nalo. Ukishafukuzwa mara moja, mjukuu wangu, hulali bila mzigo kuwa tayari. Kaandike hivyo."

"Nikiandika hivyo nitakosa alama."

"Na usipoandika, umenihukumu mimi."

Advera akainama mbele zaidi, asipitwe na neno.

Binti akauliza polepole, "Lako lilikuwa na nini, bibi?"

"Nguo za kichanga wangu. Sasa ana wajukuu, na sijalifungua."

Basi likasimama. Bibi akateremka.