Micah arap Kimaiyo, Aliyegeuzia Taa Ukutani

Micah Kipkemei arap Kimaiyo alizaliwa tarehe 3 Machi 1924 huko Rongai, kwenye shamba la mzungu ambako baba yake alikuwa akikama ng'ombe. Alisoma shule ya misheni Njoro hadi mwaka wa 1939.

Mwaka wa 1946 aliajiriwa kuosha picha katika studio moja mjini Nakuru. Mwenye studio, fundi Mhindi mwenye subira, alimfundisha kazi yote, na tunamshukuru hadi leo. Baadaye Micah akapata kamera yake mwenyewe, ile ya kushika kifuani na kuinamia kutoka juu. Picha zake za nje zilikuwa safi. Za ndani, jamani! Flashi ilimlipukia mtu usoni, akatoka mweupe pee, macho yamemtoka kama amefumaniwa akilamba sufuria, na nyuma yake kivuli cheusi ti. Micah mwenyewe alizionea haya.

Alifunga ndoa na Sally Chepkurui tarehe 12 Aprili 1952. Kama tujuavyo, kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Micah alilishika sana jambo hilo. Akimwona Mama Sally anakuja, yeye alishika njia nyingine.

Mwaka uliofuata Mama Sally aliugua mapafu, akawa hajiwezi kabisa. Sally akalia, "Mama akienda hivi, huyu mtoto wetu Kipkoech atamjuaje nyanya yake? Sina hata picha moja. Mpige, Baba Kipkoech."

"Nitamlipuliaje mama mkwe moto machoni?" Micah akasema.

Mgonjwa hangeweza kutolewa nje kwenye baridi, na balbu ya flashi iliyobaki ilikuwa moja tu, ya kuwaka mara moja na kuungua. Hatimaye Micah aliingia kichwa chini, akaiinamia kamera, na kwa ile heshima yake akaigeuzia flashi pembeni, kwenye ukuta wa chokaa. Ikawaka.

"Wewe! Umemulika ukuta!" Sally akapiga kelele. Micah akatoka nje na kamera yake, akijua ameharibu.

Picha ilipooshwa, Micah aliipeleka dirishani aitazame vizuri. Mwanga ulikuwa umegonga ukuta ukamrudia mama taratibu, ukiwa laini, na makunyanzi yake yote yalionekana bila kivuli kikali hata kimoja. Sally aliipokea akalia tena, safari hii kwa furaha. Tangu hapo Micah hakumlipulia mtu moto usoni. Pasipokuwa na ukuta mweupe alitundika shuka. Watu walimjia kutoka Dundori hadi Naivasha wakisema, "Tupige kama mama mkwe." Nyuso za wazee wetu wengi tunazo kwa sababu yake. Asante sana, Micah.

Mapema mwaka huu alianza kuumwa na figo. Wauguzi walimtunza kwa moyo, Mungu awabariki. Alifariki tarehe 14 Agosti 1959.

Ameacha mjane wake, Sally, watoto Kipkoech, Chepchirchir na Kipkemboi, ndugu zake, na mama mkwe, ambaye Mungu alimponya na yuko nasi hapa. Leo asubuhi, kabla jeneza halijafungwa, Mama Sally aliwaomba wazee ruhusa, wakamkubalia. Akasimama, akamtazama mkwewe usoni kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ulikuwa kijana mzuri hivi," akasema.

Mungu ampe Micah wetu pumziko lenye amani.